Mvutaji anayetaka kuzamia aambiwe ukweli mapema, si asubuhi ya mafunzo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niongezee jambo kwenye makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Makala ile ilikuwa nzuri, na mwandishi wake aliwaondolea watu hofu kwa namna inayostahili: alieleza kwamba si lazima mtu awe mwogeleaji wa mashindano, kwamba maumivu ya masikio yana njia ya kuzuiwa, na kwamba umri peke yake si kizuizi. Alipofika kwenye sigara, hata hivyo, alipita kwa sentensi moja tu, akimshauri mvutaji ajizuie siku ya kuzamia. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini imebeba nusu ya habari, na nusu iliyoachwa nje ndiyo yenye uzito.

Ninaandika nikiwa mtu aliyevuta sigara kwa miaka mingi, akaacha kwa sababu alitaka kuzamia, na ambaye sasa huwasaidia wakufunzi kuwaandaa wanaoanza. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo madaktari wa wazamiaji huyafundisha, pamoja na yale ninayoyashuhudia kwa wanafunzi, ambao wengi wao huuliza juu ya papa kabla hawajauliza juu ya mapafu yao wenyewe.

Kwanza ieleweke kwa nini mchezo huu hauwezi kulinganishwa na mingine. Mvutaji anayekimbia akaishiwa pumzi husimama, akainama na kushika magoti, na baada ya dakika chache shida imekwisha. Chini ya maji hakuna kusimama kwa namna hiyo. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni, kwa hiyo mtu aliye katika kina cha mita 10 yuko chini ya mgandamizo maradufu, katika mita 20 ni mara tatu, na katika mita 30 ni mara nne. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba gesi hupungua ujazo kwa kadiri ile ile mgandamizo unavyoongezeka, na hupanuka tena mgandamizo unapopungua. Regyuleta, kifaa kile cha mdomoni ambacho Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walikiunda nchini Ufaransa mwaka 1943, humpa mzamiaji hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka, ndiyo maana kifua chake hakibanwi anapozidi kushuka. Hatari huja wakati wa kupanda. Lita 6 za hewa zilizomo kifuani katika kina cha mita 10 zitataka nafasi ya lita 12 zikifika juu, na kifua cha binadamu hakina nafasi hiyo.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza anayofundishwa kila mwanafunzi ni kutobana pumzi kamwe. Kupanda kwa zaidi kidogo ya mita moja, mapafu yakiwa yamejaa na koo likiwa limefungwa, kunaweza kutosha kupasua vifuko vidogo vya hewa. Hewa hiyo ikiingia kwenye mishipa ya damu hufika ubongoni ikiwa kiputo, na mtu hupoteza fahamu au hupooza ndani ya dakika chache baada ya kufika juu. Anayepumua kwa utulivu huku akipanda polepole huwa salama, kwa kuwa hewa inayopanuka hupata njia ya kutokea.

Sasa tumtazame mvutaji. Moshi wa miaka mingi huzidisha makohozi, hulemaza vinyweleo vinavyoyasukuma nje, na hufanya njia ndogo kabisa za hewa zivimbe na kuwa nyembamba. Kwa baadhi ya watu kuta za vifuko vya hewa huliwa kabisa, na vifuko kadhaa vikaungana kuwa pango moja legelege lisilotoa hewa vizuri. Mtu wa namna hii anaweza kufuata kanuni zote alizofundishwa, akapumua bila kukoma njia nzima ya kupanda, na bado akaumia: yeye anapumua, lakini kipande cha pafu lake hakipumui. Hewa iliyonaswa nyuma ya kohozi au ndani ya pango hilo hupanuka kama nyingine yoyote, ila haina mlango. Inajulikana pia kwamba wavutaji hupatwa zaidi kuliko wengine na tukio la pafu kupasuka na kusinyaa bila kuumizwa na kitu chochote, na aliyewahi kupatwa na tukio hilo kwa kawaida huambiwa asizamie tena.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri wa kujizuia kwa siku moja. Siku moja haizibui njia ya hewa iliyovimba. Siku moja inasaidia jambo lingine, nalo ni la maana, kwa hiyo nalo nilieleze.

Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ambayo hushikamana na himoglobini, yaani kibebaji cha oksijeni ndani ya damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika damu ya mtu asiyevuta, sehemu ya himoglobini iliyokaliwa na gesi hiyo kwa kawaida haifiki asilimia 2. Kwa anayemaliza pakiti moja kwa siku hufika karibu asilimia 5, na kwa wavutaji wakubwa huweza kufika asilimia 10. Sehemu hiyo ya damu haibebi oksijeni, na misuli na moyo hulazimika kufanya kazi ile ile kwa posho pungufu. Mtu akiacha kuvuta, kiwango hicho hupungua kwa nusu kila baada ya muda wa saa nne hadi tano hivi, na baada ya nusu siku huwa kimekaribia kile cha mtu wa kawaida. Basi mvutaji aliyeahirisha sigara tangu jioni iliyotangulia huingia majini akiwa na damu nzuri zaidi kuliko aliyevuta akiwa anavaa mapezi. Hilo silikatai.

Lakini kuna kichekesho hapa ambacho wenzangu wazamiaji hawakipendi ninapokitaja. Sisi ni watu wakali sana juu ya hewa ya mitungi yetu. Tunataka kujua kompresa, yaani mashine ya kujazia mitungi, imewekwa wapi, bomba lake linavuta hewa kutoka upande gani, na chujio limebadilishwa lini, kwa hofu kwamba moshi wa injini utaingia ndani. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 za kaboni monoksaidi katika sehemu milioni moja za hewa. Moshi unaovutwa kutoka kwenye sigara una gesi hiyo hiyo kwa maelfu mengi ya sehemu katika milioni. Mtu anayeukataa mtungi kwa harufu ya mafuta, kisha akakaa nyuma ya boti kuwasha sigara akisubiri mbizi ya pili, amejaza mwilini kwa hiari yake kile alichokikataa kwenye mtungi.

Nikotini nayo ina kazi yake. Huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na hubana mishipa midogo. Maji yenyewe, kwa upande wao, humpa moyo mzigo, kwani mtu anapozama damu nyingi husukumwa kutoka miguuni na mikononi kuelekea kifuani, na ubaridi ukiongezeka mishipa ya ngozi hujibana zaidi. Vifo vingi vya wazamiaji ambavyo watu huvihusisha na papa, mitungi iliyoharibika au mikondo, uchunguzi wake huishia kwenye moyo: mtu wa makamo, mishipa ya moyo iliyokwisha kuwa myembamba bila yeye kujua, juhudi ya ghafla dhidi ya mkondo, kisha kimya. Sigara ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mishipa hiyo kuwa myembamba. Mvutaji anayeogopa mapafu tu ameogopa nusu.

Jambo la tatu ni uzito wa hewa yenyewe. Katika mita 30 kila pumzi ina gesi nene mara nne kuliko ya juu, na hata mtu mwenye mapafu safi, uwezo wake wa juu kabisa wa kuvuta na kutoa pumzi hushuka hadi karibu nusu. Aliyeshuka akiwa tayari amepoteza sehemu ya uwezo huo kwa sababu ya sigara huwa na akiba ndogo mno siku mambo yakiharibika. Akishindwa kutoa hewa chafu vya kutosha, kaboni dayoksaidi hurundikana, kichwa huuma, na hofu humjia bila sababu anayoweza kuitaja. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wakimbilie juu.

Suala la kiasi cha hewa kinachotumika linaweza kupigiwa hesabu na yeyote. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya ufukweni) una lita 2,400 za hewa. Tukitenga bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mzamiaji mtulivu anayetumia lita 15 kwa dakika akiwa juu atatumia lita 45 katika kina cha mita 20, na mtungi utamkalisha huko dakika 40. Mwenzake anayehema, anayetumia lita 25 juu, atatumia lita 75, na dakika 24 zitakuwa zimetosha kumrudisha. Sisemi kwamba kila mvutaji huhema au kwamba kila asiyevuta ni mtulivu. Nimewaona wanariadha wakimaliza mtungi kwa sababu ya woga mtupu. Ila mtu anayechoka upesi hupumua upesi, na kundi zima hulazimika kupanda pamoja naye.

Masikio nitayagusia tu. Moshi huwasha na kuvimbisha utando wa pua na wa mrija unaounganisha koo na sikio la kati, na mrija ukiwa umevimba ni vigumu kusawazisha mgandamizo wakati wa kushuka. Jeraha la sikio la kati ndilo linalowapata wazamiaji mara nyingi zaidi kuliko jingine lolote. Wanafunzi kadhaa niliowaona wakishindwa kupita mita tatu walikuwa na pua za wavutaji, ingawa mafua na mzio navyo huleta shida hiyo hiyo.

Nije sasa kwenye muda, maana hapa ndipo mvutaji anapohitaji kuambiwa ukweli bila kutishwa na bila kubembelezwa. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Kati ya wiki 2 na 12 mzunguko wa damu na utendaji wa mapafu huwa bora. Kati ya mwezi 1 na miezi 9 kikohozi na kukosa pumzi hupungua. Na baada ya mwaka mmoja hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Anayepanga kuanza mafunzo aisome orodha hiyo akiwa na kalenda mkononi. Ataona kwamba faida anazozihitaji kwa kuzamia, yaani njia za hewa zilizo wazi na kifua kisichokohoa, ziko kwenye miezi. Saa 24 hazizifikii.

Tena kuna kipindi cha katikati kinachowachanganya wengi. Vinyweleo vya njia ya hewa vikianza kufanya kazi upya, baadhi ya watu hukohoa zaidi kuliko walivyokuwa wakikohoa zamani, na makohozi hutoka kwa wingi. Mtu hudhani kuacha ndiko kunakomuumiza, kumbe mwili unafagia. Kipindi hicho, ambacho kwa wengine huchukua wiki kadhaa, si cha kuzamia hata kidogo, kwa sababu njia iliyojaa makohozi ndiyo hasa inayonasa hewa. Aliyeacha sigara wiki mbili kabla ya mafunzo kwa nia njema kabisa anaweza kufika bwawani akiwa katika hali mbaya kuliko alivyotarajia, na hakuna aliyemtahadharisha.

Ukweli mwingine ni kwamba si kila kitu hurudi. Charles Fletcher na Richard Peto walionyesha mwaka 1977, baada ya kuwafuatilia wanaume kwa miaka kadhaa, kwamba anayeacha sigara huanza kupoteza uwezo wa mapafu kwa mwendo wa kawaida wa umri badala ya ule wa kasi wa wavutaji walioathirika. Lakini sehemu kubwa ya kile alichokwisha kupoteza hairejei. Mapango yaliyochimbika ndani ya pafu hubaki mapango. Ndiyo maana mtu aliyevuta kwa miaka mingi hapaswi kujipima kwa jinsi anavyojisikia. Aende kwa daktari, apulize kwenye mashine ya kupima pumzi, apigwe picha ya kifua endapo daktari ataona inafaa, na ikiwezekana daktari huyo awe anayeielewa tiba ya wazamiaji. Wapo watakaoambiwa hapana. Ni jibu chungu, nami nimekaa na watu waliolipokea, lakini ni heri kulipokea ofisini.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba majaribio ya kuogelea yanayotolewa mwanzoni mwa mafunzo yanatosha kumchuja asiyefaa. Hayatoshi. Mashirika makubwa ya mafunzo humtaka mwanafunzi aogelee mita 200 mfululizo bila kifaa, au mita 300 akiwa na miwani, mapezi na mrija wa kupumulia, bila kikomo cha muda, kisha aelee kwa dakika 10. Mvutaji wa pakiti moja kwa siku mwenye umri wa miaka 30 hupita bila shida. Jaribio hilo linaonyesha kwamba hatazama akianguka kutoka kwenye boti. Halionyeshi kilichomo kwenye njia zake ndogo za hewa.

Fomu ya afya nayo ina pengo lake. Ile inayotumiwa na wengi, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020, huuliza juu ya kuvuta sigara au kuingiza nikotini kwa njia nyingine, lakini swali hilo limewekwa kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 45. Wao wakijibu ndiyo hutakiwa kumwona daktari. Kijana anayevuta, kama hana pumu, hajawahi kufanyiwa upasuaji wa kifua na hajioni mgonjwa, anaweza kuijaza fomu nzima kwa uaminifu bila neno sigara kumhusu popote. Naelewa mantiki yake, kwa kuwa hatari ya moyo hupanda na umri na hakuna daktari anayeweza kumpima kila kijana. Lakini mahali ambapo fomu imenyamaza, mkufunzi hana sababu ya kunyamaza.

Na wakufunzi tuna la kujibu. Nimewahi kufanya kazi na kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, ambako somo la hatari za sigara lilisomwa kutoka kitabuni asubuhi, na mchana mkufunzi yule yule akavuta mbele ya wanafunzi kati ya mbizi mbili, hatua chache kutoka kwenye mtungi wa oksijeni wa dharura. Niache hata suala la moto, ambalo mtu yeyote anayejua oksijeni hufanya nini kwenye cheche analielewa. Mwanafunzi aliyekuwa akijitahidi kuacha alimtazama, akaomba kiberiti. Sikumlaumu yeye.

Hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi ni ya mzee fulani aliyevuta maisha yake yote na kuzamia miongo mitatu bila kupatwa na lolote. Wazee hao wapo na sina sababu ya kubisha. Ajali za kuzamia kwa jumla ni chache, na wavutaji wengi wataendelea kutoka majini wakiwa wazima. Nikiri pia kwamba ushahidi wa sigara kusababisha moja kwa moja ugonjwa wa wazamiaji, ule utokanao na viputo vya naitrojeni, si mzito kama watu wanavyodhani. Kilichoonekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya wazamiaji wa burudani ni kwamba ugonjwa ukishatokea, wavutaji wakubwa walielekea kuwa na dalili kali zaidi. Lakini wale ambao mambo yaliwaendea vibaya hawapo kwenye boti wakisimulia, na tukihesabu wanaosimulia tu tutapata kila mara jibu tunalolipenda.

Niseme kidogo juu ya kuacha kwenyewe, kwa sababu kumwambia mtu aache bila kumwonyesha njia ni kumkejeli. Arosto ya nikotini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huwa kali zaidi katika siku chache za mwanzo na hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Hasira, kukosa usingizi, njaa na kushindwa kutuliza akili ni mambo ya kutarajiwa. Hamu inayomjia mtu ghafla kwa kawaida hupita baada ya dakika chache, hata asipoitii. Vibandiko na chingamu za nikotini viliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na mwaka 2021 zikaongezwa dawa za bupropioni na vareniklini. Mwaka 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na msimamo wake ni kwamba ushauri nasaha ukiunganishwa na dawa huwapa watu nafasi kubwa zaidi ya kufaulu. Hakuna sababu ya mtu kujitesa kwa ushujaa peke yake.

Kwa mzamiaji mtarajiwa kuna angalizo ambalo halimo katika vijitabu vya kawaida. Bupropioni huongeza kidogo uwezekano wa kupatwa na mshtuko wa kifafa, jambo ambalo mtu akiwa kitandani huenda akalipona, ila akiwa chini ya maji regyuleta humtoka mdomoni akazama. Vibandiko havina moshi, lakini nikotini yake bado inabana mishipa. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kutumia msaada wowote anaouhitaji kuacha, amalize tiba akiwa nchi kavu, na ajadiliane na daktari kabla ya kuingia majini iwapo bado anaitumia. Sigara za kielektroniki siziweki katika kundi la tiba. Mvuke wake hauna kaboni monoksaidi kama moshi wa tumbaku inayoungua, nakubali, lakini huwasha njia za hewa, na fomu niliyoitaja huihesabu nikotini yake sawa na nyingine yoyote.

Baada ya yote haya, naamini kuzamia ni miongoni mwa sababu bora za kuacha sigara, na nadhani watoa huduma za afya wanaipuuza. Kijana wa miaka 25 akiambiwa kuhusu saratani ya uzeeni husikia habari za mtu mwingine. Akiambiwa kwamba mwezi fulani atashuka mita 18 chini ya bahari na kwamba pafu lake ndilo tiketi, ana tarehe na ana kitu cha kupoteza. Muda wa kusubiri kifua kitulie nao haupotei bure: aogelee mara kwa mara, ajifunze kuelea bila kuhangaika, azoee kupumua polepole kwa mrija akiwa juu ya maji, apimwe pumzi mwanzoni na apimwe tena miezi inapopita. Nimeona watu waliokuwa wamejaribu kuacha kwa sababu ya hofu wakashindwa, kisha wakafaulu kwa sababu ya shauku. Nimeona pia walioacha hadi wakapata cheti, wakarudia sigara wiki hiyo hiyo kana kwamba cheti ndicho kilichokuwa kinazamia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mkirudi kwenye mada hii msiuweke muda wa kuacha sigara kuwa siku moja. Andikeni miezi, na mwelezeni msomaji kwamba aliyevuta kwa muda mrefu anahitaji kupimwa kwanza. Kwa wakufunzi wenzangu nina ombi dogo zaidi. Swali la sigara lisingoje fomu inayojazwa asubuhi ya kwanza, wakati ada imelipwa, mavazi yamekodishwa na mwanafunzi ana kila sababu ya kuficha. Liulizwe siku ile anapopiga simu kutaka kujua mafunzo yanaanza lini. Na kama jibu ni kwamba anavuta, apewe tarehe ya mbali na sababu yake.

Wako,
Mzamiaji na mvutaji wa zamani